Salamu na Makasi: Barua za Askari wa Ng'ambo Mbele ya Uhakiki

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuvikabili vita kwa kupitia mlango mmoja mkubwa, nao ni utenzi. Mazoea hayo yana sababu zake. Tangu Chuo cha Herekali kilichotungwa Pate mwaka 1728, hadi utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhry juu ya vita vya Wadachi na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, hadi ule wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera uliotoka mwaka 1981, vita vimekuwa jambo la kusimuliwa kwa beti nyingi, kwa mfuatano wa matukio, na kwa sauti ya mtu mmoja ajuaye mwanzo na mwisho wake. Vita Vikuu vya Pili navyo vilipata utenzi wake. Shaaban Robert alivitungia Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ya maelfu ya beti iliyochapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, na ni vigumu kumpata mhadhiri wa ushairi asiyeitaja.

Lakini katika miaka ileile Shaaban Robert alipokuwa akizipanga beti zake, Kiswahili cha vita kilikuwa kikiandikwa mahali pengine pia: katika karatasi moja moja, mara nyingi kwa mkono wa mtu asiyekuwa mwenye maneno, zikitoka majumbani kwenda kwa askari waliokuwa Ethiopia, Bukini, Ceylon na Burma, na nyingine zikitoka huko kurudi majumbani. Barua hizo hazina mtunzi mashuhuri, hazina mwanzo wala mwisho wa kisa, na kila moja huonekana kuwa sawa na mwenziwe. Uhakiki umewaachia wanahistoria. Nao wanahistoria, kwa haki yao, wamezitumia kwa kazi yao, yaani kutafuta ndani yake mshahara, malalamiko, ubaguzi na siasa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hasara iliyopatikana hapo haikuletwa na uchache wa barua peke yake. Imeletwa pia na namna ya kusoma. Mkaguzi wa jeshi aliyeketi na makasi yake na kalamu yake, na mhakiki anayeigawa kazi katika fani na maudhui kisha akayaharakia maudhui, wamefanya jambo moja: wote wawili wameziruka salamu. Na katika barua ya Kiswahili iendayo vitani, salamu ndiyo barua.

Kisiwa cha kuagania

Mombasa ni mahali panapofaa kuanzia uchunguzi huu kwa sababu mbili ambazo si kawaida kukutana katika mji mmoja. Ya kwanza ni bandari. Mwezi wa Aprili 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishiwa Kilindini, na shule ya Allidina Visram ikatwaliwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kunasa na kufumbua khabari za siri za Wajapani. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivushwa bahari kwenda Ceylon, na kutoka huko ikaingia Burma. Kwa maelfu ya vijana wa bara waliopandia meli hapa, Kilindini palikuwa ndipo mahali pa mwisho pa kupeleka barua wakiwa bado katika ardhi ya kwao. Haikosi kushangaza kwamba katika miaka hiyo kisiwa hiki kidogo kilikuwa kinafanya kazi kubwa mno ya kusoma maneno yaliyokusudiwa watu wengine.

Sababu ya pili ni Mji wa Kale wenyewe. Zamani kabla ya jeshi la Keya kuwa na posta yake, wenyeji wa Mvita walikuwa wakiandikiana nyaraka kwa herufi za Kiarabu na watu wa Lamu, Unguja, Maskati na Hadhramaut, na nyaraka hizo zilikwenda kwa jahazi, kwa mkono wa nahodha au msafiri anayejulikana. Namna za nyaraka za pwani zilikwisha kuonekana katika mkusanyo alioutoa Büttner mwaka 1892. Desturi ya kuandika Kiswahili kwa herufi hizo ilikuwa hai hata karibu na vita: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui aliitumia katika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930. Lakini ni mji huohuo ambamo mkutano wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Basi vita vilipofika, mwandishi wa barua wa Mji wa Kale alikuwa na urithi mkubwa wa uandishi ambao serikali ilikwisha kuuweka kando mara mbili, kwa herufi na kwa lahaja. Jeshi lilifundisha askari wake kusoma na kuandika kwa herufi za Kirumi, na Kiswahili chake cha amri, kile kilichoitwa Kikeya, kilikuwa mbali zaidi bado na lugha ya Ndia Kuu na Kibokoni.

Ni lazima kusema wazi kwamba askari wengi wa Keya hawakuwa watu wa Mji wa Kale. Walitoka Ukambani, Unandi, Unyasa na kwingineko. Hata hivyo, kijana wa bara alipomwandikia mamake kwa Kiswahili, au alipoandikiwa na karani wa kijijini, barua hiyo kwa sehemu kubwa ilishika kanuni zilizokomaa pwani: salamu, khabari ya afya, salamu za watu wa nyumbani, neno lenyewe, kisha salamu tena. Mji wa Kale haukutoa askari wengi. Ulitoa umbo la barua ambalo askari waliliazima.

Khofu ni juu yako

Hapana msomaji wa Kiswahili asiyeijua kanuni hii, ambayo hukaribia kuandikwa pasipo kufikiriwa: mimi ni mzima wa afya, khofu ni juu yako wewe uliye mbali. Walimu wa shule wameifundisha, na walimu wengine baadaye wakaipiga vita kwa kuiita maneno ya kujazia karatasi. Mhakiki naye huipita kama mtu apitavyo kizingiti. Yafaa asimame hapo kidogo.

Jambo la kwanza ni kwamba sentensi hiyo haina kitenzi cha kuogopa. Haisemi “nakuogopea”. Khofu imewekwa kama kitu chenye mahali pake, nacho kiko “juu yako”. Maneno hayo yaweza kuchukuliwa kwa maana mbili. Moja ni kwamba anayeandika ana khofu kwa ajili ya anayeandikiwa. Ya pili ni kwamba khofu yenyewe iko huko aliko, imemkalia. Wakati wa amani, kwa mwana aliyekwenda Unguja kufanya biashara ya nguo, maana ya pili hulala usingizi. Akiwa bonde la Kabaw katika masika ya 1944, wakati Divisheni ya 11 ilipokuwa ikisukuma njia yake katika tope kuelekea Kalewa na chakula chake kikidondoshwa kwa ndege, maana hiyo huamka. Kanuni haikubadilika hata herufi moja, lakini mahali pameifanya iseme kweli. Uhakiki unaodai kwamba kanuni ni lugha iliyokufa hauna namna ya kulieleza jambo hili.

Jambo la pili ni neno “uliye mbali”. Waraka wa zamani wa pwani ulipenda kutaja mahali: ufike Unguja, mtaa fulani, kwa fulani bin fulani. Barua ya jeshi ilikatazwa kutaja mahali. Askari aliandikiwa kwa namba yake, cheo chake, kikosi chake na posta ya jeshi, na nchi aliyokuwamo haikuonekana popote. Mama wa Mombasa aliyekuwa akizoea kumfuata mwanawe kwa jina la mji, leo hakuwa na mji wa kumfuatia. Lakini tazama jinsi kanuni ilivyokuwa tayari kwa hali hiyo: tangu zamani imemtambulisha anayeandikiwa kwa umbali wake tu. Mkaguzi alipoondoa jina la mahali, barua ya Kiswahili ilikuwa na neno la kushika nafasi hiyo, na neno hilo halikuweza kukatwa kwa makasi, kwa sababu halikutoa siri yoyote.

Jambo la tatu, na hapa ndipo penye utajiri, ni orodha ya salamu. Chukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya peke yake, kwa namna ya barua ambayo ingeliweza kutoka Mji wa Kale katika miaka hiyo:

“Wa baada ya salamu, nakuarifu hali zetu ni njema, khofu ni juu yako uliye mbali. Mamako akusalimu sana. Mamako mdogo akusalimu. Halima na nduguze wakusalimu. Mwalimu wako wa chuoni akusalimu na akuombea. Majirani wote wakusalimu, wa huku na wa upande wa pili wa ndia. Kofia yako imekwisha kushonwa, iko sandukuni, yakungoja. Wasalamu.”

Mkaguzi akiisoma barua hii ataipitisha bila kuigusa, na kama angetakiwa kutoa muhtasari wake, angeandika kwamba watu wa nyumbani ni wazima na kwamba kuna kofia. Mhakiki wa mtindo uliozoeleka ataandika kwamba dhamira ni mapenzi ya mama kwa mwanawe, na kwamba fani ni duni kwa sababu ya marudio ya neno moja mara tano. Askari hatasoma hivyo. Askari atahesabu. Mama yumo, mama mdogo yumo, dada yumo, mwalimu yumo, majirani wamo. Baba hayumo.

Barua haikusema lolote juu ya baba. Desturi ya pwani haipendi msafiri apelekewe tanzia kwa karatasi akiwa peke yake, asipokuwapo wa kumshika mkono. Lakini desturi hiyohiyo hairuhusu kusema uongo, yaani kuandika “babako akusalimu” ilhali baba yu kaburini. Mwandishi amekwepa yote mawili kwa kufuata orodha kwa ukamilifu, jina baada ya jina, ili pengo lionekane. Kama angeandika tu “sote twakusalimu”, pengo lingefichika. Marudio yale matano yanayolaumiwa ndiyo yanayotengeneza mahali pa jina la sita. Basi orodha ya salamu ni daftari ya walio hai, na msomaji wake hodari ni yule anayezijua nafasi zote za nyumba ile. Mgeni hawezi kuisoma, awe mkaguzi au profesa, isipokuwa kwanza ajulishwe nani alitakiwa kuwamo.

Hapa uhakiki unapambana na swali ambalo nadharia ya fani na maudhui haikulitayarishia jibu. Khabari kubwa ya barua hii, kufa kwa baba, haimo katika neno lolote la barua. Imo katika mpangilio. Maudhui yake yote yamebebwa na kile kilichohesabiwa kuwa pambo.

Mkono wa fulani

Kofia iliyo sandukuni yastahili maelezo yake. Katika desturi ya nyaraka za pwani, barua na kitu vilikwenda pamoja. Aliyepeleka tende, halwa, kahawa au kitambaa alikitaja ndani ya waraka, kwa kiasi chake, na akamtaja anayekichukua: kwa mkono wa fulani. Waraka kwa hiyo ulikuwa ni hati ya amana. Mpokeaji aliufungua, akahesabu, akajua kwamba mchukuzi ni mwaminifu, na katika jibu lake akashuhudia kwamba amepokea. Uaminifu wa mchukuzi ulikuwa sehemu ya maana ya zawadi. Halwa iliyofika kamili ilisema jambo juu ya aliyeileta kama ilivyosema juu ya aliyeipeleka.

Posta ya jeshi iliuondoa mkono huo. Kifurushi kilitolewa dirishani, kikapigwa muhuri, kikatoweka. Hakuna nahodha wa kuulizwa, wala msafiri wa kurudi na salamu za mdomo. Hakuna atakayesema “nimemwona, amekonda kidogo lakini anacheka”. Hasara hii ya ushahidi ni kubwa kuliko hasara ya kitu chenyewe. Basi kifurushi kisichopelekwa, kile kinachobakizwa nyumbani na kutajwa tu, kikapata nguvu mpya. Kofia ya kushonwa kwa mkono ni kazi ya majuma na majuma, na kwa desturi mwanamke humshonea mtu wake. Kumwambia askari kwamba kofia yake iko sandukuni ni kumwekea nafasi katika nyumba ambayo orodha ya salamu imekwisha kuonyesha kwamba ina nafasi moja tupu. Kwa wanawake wa Mji wa Kale lugha hii ya vitu haikuwa ngeni. Leso yenye jina ilikuwa ni barua isiyohitaji bahasha, na mji ulikwisha kuzoea kusoma nguo.

Je, ni nani anayesema katika barua kama hiyo? Neno “nakuarifu” lina nafsi ya kwanza umoja, lakini mama ametajwa kwa nafsi ya tatu, kwa hiyo si yeye aliyeandika. Huenda ni ndugu, huenda ni karani aliyelipwa. Huko iendako, huenda askari hajui kusoma, au anajua herufi za Kirumi alizofundishwa kambini lakini hazijui za Kiarabu, kwa hiyo itasomwa kwa sauti na mwenziwe. Katikati yuko mkaguzi. Barua moja kwa hiyo ina mama aliyenena, mwandishi aliyepanga, mkaguzi aliyepitisha, msomaji aliyetamka, na askari aliyesikia. Kila mmoja ameacha alama yake. Mama hakuweza kusema yote mbele ya karani; karani aliandika akijua kwamba atakuwapo mkaguzi; msomaji wa kambini huenda alipofika kwenye pengo la baba aliongeza jina kwa huruma, au alinyamaza. Kumtafuta mwandishi mmoja hapa ni kazi bure, na kuinyima barua sifa ya utunzi kwa kuwa hana ni kuipima kwa kipimo ambacho hata ushairi wa kale wa Mombasa usingelikipita. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikaa katika vichwa na mikono ya watu wengine. Yalikusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na Diwani ya Muyaka haikutolewa na Hichens mpaka mwaka 1940, wakati vita vikiwa vimekwisha kuanza. Hapana anayesema kwamba Muyaka si mtunzi kwa sababu mikono mingi imepita juu ya beti zake.

Yaliyobaki na yaliyokatwa

Barua nyingi za wakati huo zimepotea. Zilizobaki kwa wingi katika nyaraka za serikali ni vipande: ripoti za wakaguzi waliochagua sentensi hapa na pale, wakazitafsiri kwa Kiingereza, wakazipanga chini ya vichwa vya mambo yaliyowashughulisha wakubwa wao. Vitabu muhimu vya historia ya Keya, kama kile cha Timothy Parsons cha mwaka 1999, vimelazimika kutumia hazina ya namna hiyo, na vimeitumia kwa uangalifu. Lakini mhakiki wa lugha lazima aone ni kitu gani kilichochujwa. Malalamiko juu ya mshahara yalinukuliwa. Khabari za wake waliokimbia zilinukuliwa, kwa kuwa zilihusu moyo wa askari wa kupigana. Salamu hazikuwa na faida kwa mtu yeyote ofisini. Kilichohifadhiwa ni kile hasa ambacho mhakiki wa kisasa angekiita maudhui, na kimehifadhiwa katika lugha isiyo yake.

Magazeti ya jeshi nayo yana mipaka yake. Askari na Heshima yaliandikwa kwa Kiswahili, na Katrin Bromber ameyachambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya propaganda ya kijeshi ya Afrika Mashariki. Barua iliyochapishwa humo, au katika Baraza la Nairobi, ilikuwa imekwisha kupita kwa mhariri pamoja na mkaguzi, na ilijua kwamba inasemeshwa hadhara. Ina thamani yake, lakini haiwezi kushika mahali pa ile iliyokusudiwa nyumba moja.

Utenzi wa Shaaban Robert pia haukuziba pengo hili, na si haki kuutaka uzibe. Ni utenzi wa mtu aliyevifuata vita kutoka mbali, na uzito wake umewekwa kwa mataifa, viongozi, mashambulio na ushindi. Ukubwa wake ni wa ramani. Tatizo ni la wahakiki waliouchukua kuwa ndio Kiswahili chote cha vita hivyo. Jambo la ajabu ni kwamba mwandishi huyohuyo ametupa, pasipo kukusudia, ushahidi wa upande wa pili: barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za miaka ya 1931 hadi 1958, zilizochapishwa na TUKI mwaka 2002. Miaka ya vita imo humo. Zilipokelewa kwa furaha na wasomi, na ilistahili. Lakini zilipokelewa kwa sababu ya jina lililo chini yake. Barua ya Kiswahili imeingia katika fasihi kwa kushikwa mkono na mtunzi maarufu, na zisizokuwa na mshika mkono zingali barazani.

Kuna mahali ambapo maneno haya yote yanapata uzito usioweza kuepukwa. Mwanzoni mwa Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo katika msafara wa meli tano za abiria. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na miongoni mwao karibu elfu moja walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, nayo ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Kumbukumbu ya askari wale iko Nairobi, katika makaburi ya vita.

Barua haiendi kwa kasi ya kifo. Yeyote aliyemwandikia mtu wa meli ile baada ya siku hiyo, kabla ya khabari kumfikia, alimwandikia maiti, na alimwandikia kwamba khofu ni juu yake. Katika ushairi wa Mji wa Kale shairi la kupelekewa mtu hudai jibu, kwa bahari ileile na ikiwezekana kwa vina vilevile. Lisilojibiwa halijakamilika, na aliyelipeleka huhesabiwa kuwa angali anangoja. Mashairi ya Muyaka yaliyolumbana na ya watu wa Lamu na Unguja wakati wa vita vya Mazrui na Seyyid Said yalikuwa na jibu la upande wa pili, na ndiyo sababu husomwa kwa jozi. Kipimo hiki cha jozi, ambacho ni cha hapahapa wala hakikuazimwa, kingefaa zaidi kwa barua za vita kuliko kile cha fani na maudhui. Kingemlazimisha mhakiki aulize juu ya kila barua: jibu lake liko wapi? Na pale ambapo halipo, kutokuwapo kwake kungehesabiwa kuwa sehemu ya andiko.

Haitakuwa vigumu kwa mpinzani kusema kwamba hoja hii inapanua fasihi mpaka inapoteza mipaka, kwamba kesho stakabadhi za duka nazo zitadai kuhakikiwa. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini halizihusu barua hizi. Stakabadhi haisomwi kwa kutazamwa ni jina gani lililokosekana. Tena Mombasa yenyewe imekwisha kutoa kitabu ambacho hakuna anayekikana kuwa fasihi, na ambacho kilizaliwa katika hali iliyo ndugu ya hii: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, kilichotoka mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa gerezani, yakapitishwa kwa siri nyuma ya macho ya askari jela, na yanasema na watu walio nje. Wahakiki wamejifunza kuyasoma kwa kuuliza yaliandikwa mbele ya nani na yalifichwa kwa nani. Maswali hayohayo yanaweza kuulizwa kwa karatasi ya mama aliyetumia karani.

Mambo hayakukoma mwaka 1945. Sauti ya Mvita ilipoanza kutangaza mwaka 1947, na redio nyingine baadaye, vipindi vya salamu vilipata wapenzi wengi mno, na wasomi wengi wakavicheka kwa orodha zake ndefu za majina. Kicheko hicho ni cha mkaguzi. Majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na wanamaji walipoufikia Kismayu kwa bahari mwezi wa Septemba 2012, salamu zilikwenda kwa simu ya mkononi, na zilipotea pamoja na simu. Aliyefutiwa ujumbe hana sanduku la kufungua.

Masanduku ya Mji wa Kale yangali yanaweza kufunguliwa, kwa idhini ya wenyewe na kwa adabu. Kinachotakiwa ni kunakili barua nzima: anwani, salamu zote kwa mpangilio wake, jina la mchukuzi kama lipo, kilichotajwa kuwa kimepelekwa na kilichotajwa kuwa kimebakizwa, kisha kukaa na mtu wa nyumba hiyo na kumwuliza ni nani hakusalimu. Kazi hiyo yahitaji msomaji wa herufi za Kiarabu. J. W. T. Allen alitoa kijitabu cha kuwafundisha wanafunzi wa Kiswahili herufi hizo mwaka 1945, mwaka uleule vita vilipokwisha. Hata leo, mtoto wa chuoni Kibokoni anaweza kuzitamka herufi za barua ya nyanyake, na mhitimu wa idara ya Kiswahili, mara nyingi, hawezi.